Simu ya Bima ya Afya ni Sehemu ya Tiba

Bima ya afya ni ahadi. Mwanachama huchangia akiwa mzima ili ahudumiwe akiwa mgonjwa, na wahenga walikwisha kusema kwamba ahadi ni deni. Deni hilo hulipwa katika chumba cha daktari, kwenye dirisha la dawa, katika maabara na wodini. Lakini kabla ya kufika huko, wanachama wengi huwa na swali, na swali hilo hupelekwa kwa simu. Je, mtoto aliyezaliwa mwezi uliopita ameshaandikishwa? Je, kipimo alichoagiza daktari kimo katika kitita cha mafao? Je, rufaa iliyotolewa juma lililopita bado inatumika? Anayepokea simu hiyo, na namna anavyoijibu, ndiye anayeamua mara nyingi kama mgonjwa atapanda daladala kwenda hospitali au atarudi kulala kitandani na maradhi yake.

Makala hii inatetea hoja moja: huduma ya simu kwa wanufaika wa bima ya afya ya umma ihesabiwe kuwa sehemu ya tiba, ipangwe kwa uzito wa tiba na ipimwe kwa vipimo vya tiba. Kuiacha iwe kazi ya ofisi ya uhusiano, au pambo la mwisho kwenye bango la matangazo, ni kosa ambalo gharama yake hulipwa na mgonjwa.

Hoja hii ina uzito wa pekee Unguja. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, serikali ilitangaza matibabu kuwa bure, na vizazi viwili vimekua vikijua kwamba mgonjwa huenda hospitali, huonwa na daktari, basi. Ingawa kwa miaka mingi wananchi wamekuwa wakijinunulia dawa zinapokosekana, lugha ya bima haikuwa lugha ya nyumbani. Maneno kama mchango, mtegemezi, kitita cha mafao, idhini ya awali na uhakiki yamekuja na Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2023 na kuanza na watumishi wa sekta ya umma mwezi Julai mwaka huohuo. Mtumishi wa umma angalau ana ofisi ya utumishi ya kuuliza. Kadiri bima inavyowafikia wa sekta binafsi na hatimaye wasio na mwajiri, yaani mvuvi wa Nungwi, mkulima wa mwani wa Paje na Bwejuu, mama anayeuza urojo jioni, ndivyo idadi ya wasio na ofisi ya kuuliza inavyoongezeka. Kwa hao, simu ndiyo ofisi.

Jiografia nayo ina neno lake. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,346,332 katika kisiwa cha Unguja. Kati yao, 893,169 walikuwa Mkoa wa Mjini Magharibi. Waliobaki, zaidi ya 450,000, waliishi Kaskazini na Kusini. Mkaazi wa Shangani au Malindi akipata tatizo la kadi anaweza kutembea kwa miguu hadi Hospitali ya Mnazi Mmoja na kurudi kabla ya adhuhuri. Mkaazi wa Makunduchi anayeambiwa "nenda mjini ukaulize" hupoteza siku nzima na nauli ya kwenda na kurudi, na pengine humbeba mgonjwa au humwacha peke yake. Simu iliyojibiwa vizuri humwokolea yote hayo. Simu isiyojibiwa humwongezea machungu, kwani sasa amepoteza pia salio lake.

Wahudumu wa afya wanajua vizuri kinachofuata pale swali la bima lisipopata jibu. Mgonjwa wa shinikizo la damu ambaye jina lake halikuonekana kwenye mfumo huahidi kurudi kesho, kisha hurudi baada ya miezi mitatu akiwa na kiharusi. Shinikizo la damu haliumi, kwa hiyo hakuna kinachomsukuma kuhangaika, na usumbufu mdogo tu unatosha kumkatisha tamaa. Kijana mwenye kisukari cha aina ya kwanza hana hata muda huo, maana akikosa insulini anaweza kuingia katika hatari ya kifo ndani ya siku moja au mbili. Mama mjamzito anayesubiri kuthibitishiwa kama upasuaji unalipiwa husubiri pamoja na mtoto aliye tumboni. Maswali haya huonekana ya karatasi, lakini majibu yake yakichelewa huandikwa katika majalada ya wodi.

Kuna jambo jingine ambalo wapangaji wa huduma za simu hulisahau: mpigaji hajui kugawa shida yake katika idara. Bibi anayepiga kuuliza kama kadi ya mjukuu wake inafanya kazi anaweza kuwa amempakata mjukuu huyo akiwa amelegea, hanyonyi na anatapika kila anachopewa. Anauliza kuhusu kadi kwa sababu kadi ndiyo anayodhani itamzuia mlangoni. Mhudumu wa simu aliyefundishwa kutafuta namba ya uanachama tu ataitafuta namba hiyo kwa dakika kumi. Aliyefundishwa kusikiliza atauliza kwanza: "Bibi, mtoto yuko vipi sasa hivi?" na akisikia dalili za hatari atasema: "Mpeleke kituo cha afya kilicho karibu sasa hivi, suala la kadi nitalishughulikia mimi."

Dalili za kufundishwa si nyingi. Kwa mtoto: kushindwa kunyonya au kunywa, kutapika kila kitu, degedege, kulegea au kupoteza fahamu, kupumua kwa shida. Kwa mjamzito: kutokwa na damu, kuumwa sana kichwa, kuona ukungu, degedege, mtoto kuacha kucheza. Kwa mtu mzima: mdomo kupinda ghafla, mkono au mguu kulegea, ulimi kuwa mzito, kifua kubana. Orodha hii yatosha karatasi moja iliyobandikwa mbele ya kila mpokea simu. Haimfanyi kuwa daktari, humfanya asiwe kizuizi kati ya mgonjwa na daktari.

Zanzibar haianzi mwanzo katika jambo hili. Kati ya mwaka 2009 na 2010 ulifanyika Unguja utafiti unaojulikana kwa jina la Wired Mothers, uliohusisha vituo 24 vya afya ya msingi na wajawazito 2,550. Katika nusu ya vituo hivyo, wajawazito walipokea ujumbe mfupi wa simu kulingana na umri wa mimba, na wakapewa vocha za kuwawezesha kuwapigia wahudumu wa afya. Matokeo yalikuwa ya kutia moyo: asilimia 60 ya waliokuwa katika mpango huo walijifungua kwa msaada wa mhudumu mwenye ujuzi, dhidi ya asilimia 47 ya wenzao wasiokuwemo. Simu, chombo kilichokuwa kimekwishaingia majumbani, ilibadilisha mahali mtoto alipozaliwa.

Lakini utafiti huohuo ulibeba onyo ambalo halitajwi mara nyingi. Faida hiyo ilionekana kwa wanawake wa mjini, na kwa wanawake wa shamba haikudhihirika. Umbali, usafiri, gharama na uamuzi wa nani atoke nyumbani na lini havikuondoka kwa sababu ya ujumbe kwenye simu. Yeyote anayepanga kuboresha huduma ya simu ya bima leo aanze na funzo hilo. Huduma inayopimwa kwa wastani wa kisiwa kizima inaweza kuonekana imefaulu huku ikiwa imewanufaisha wale waliokuwa karibu na hospitali tangu awali.

Basi, nini kifanyike? Jambo la kwanza ni gharama. Simu ya bima ya umma iwe bure kwa mitandao yote, na ubure huo utangazwe pamoja na namba yenyewe, kwa sababu mtu asiyejua kwamba simu ni bure hatapiga akiwa hana salio. Pia mila ya kubipu, ambayo kila Mswahili anaijua, itumiwe badala ya kupuuzwa. Asiye na salio hubipu ili mwenye uwezo ampigie. Mfuko wa bima ndio mwenye uwezo. Kila simu iliyokatika, iliyobipiwa au iliyokuta foleni irudishwe ndani ya muda uliotangazwa, na mpigaji asilazimike kusikiliza muziki huku moyo ukimwenda mbio.

La pili ni lugha. Mpokea simu azungumze Kiswahili cha watu. "Huduma hii inahitaji idhini ya awali" ni sentensi sahihi isiyomsaidia mtu. "Daktari wako atatuma maombi kwetu leo, sisi tutamjibu kabla ya kesho saa sita mchana, nawe hutakiwi kulipa chochote kwa kipimo hiki" ni sentensi inayomfanya mtu aelewe la kufanya. Heshima nayo ni sehemu ya lugha. Mzee wa miaka sabini hafai kuulizwa namba ya kadi kabla ya kuamkiwa. Salamu huchukua sekunde tano, na mara nyingi ndiyo inayomtuliza mgonjwa hata akaeleza shida yake kwa mpangilio.

La tatu, na pengine ndilo kubwa kuliko yote, ni mamlaka. Vituo vingi vya simu duniani hushindwa kwa sababu wanaopokea wanaruhusiwa kusikitika tu. Huandika malalamiko, huomba radhi, huahidi kuyafikisha panapohusika. Mgonjwa aliyesimama mbele ya dirisha la dawa hahitaji radhi, anahitaji uamuzi. Kila zamu iwe na mtu mmoja mwenye uwezo wa kuthibitisha uanachama kwa muda mfumo unapokwama, na tabibu mmoja mwenye uwezo wa kutoa au kukataa idhini, akisaini kwa jina lake. Pale uhakiki unapokwama kwa mgonjwa wa dharura au wa dawa za kila siku, kanuni iwe kwamba anahudumiwa kwanza, hesabu hufuata. Hasara ya kumhudumia mtu mmoja asiyestahiki ni ndogo kuliko hasara ya kumrudisha nyumbani mtu anayestahiki.

La nne ni kumbukumbu. Kila simu ipewe namba, na namba hiyo itumwe kwa mpigaji kwa ujumbe mfupi. Mgonjwa anayepiga mara ya tatu asilazimike kusimulia upya habari ya uvimbe wake kwa mtu wa tatu. Hapa ndipo faragha inapoingia. Nyumba nyingi hutumia simu moja, na katika nyumba nyingi simu hiyo ni ya mume au ya mtoto mkubwa. Ujumbe usitaje ugonjwa wala dawa. Mpokea simu aulize kwanza kama mpigaji yuko mahali anapoweza kuzungumza, na kama ujumbe unaweza kutumwa kwenye namba hiyo. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, lakini kwa mwanamke anayeuliza kuhusu uzazi wa mpango au kipimo cha virusi vya Ukimwi, sheria huishia pale sauti ya simu inaposikika chumba kizima.

La tano ni simu ya wahudumu wenyewe. Karani wa mapokezi Kivunge au muuguzi wa zamu ya usiku Makunduchi ndiye anayesimama uso kwa uso na mgonjwa mfumo unapogoma. Akilazimika kupanga foleni pamoja na wanachama wote, atachoka na kumwambia mgonjwa "kapige wewe." Pawepo namba ya pekee kwa vituo vya afya, inayopokewa usiku na mchana. Simu moja ya mhudumu anayejua la kuuliza huokoa simu kumi za wagonjwa wasiojua waanzie wapi.

Majirani wanatoa mafunzo yanayofaa kuzingatiwa. Malawi ilianza mwaka 2011, katika wilaya ya Balaka, huduma ya simu iitwayo Chipatala cha pa Foni, yaani kituo cha afya kwa simu. Huduma hiyo ilikua polepole hadi ikawa ya nchi nzima chini ya wizara ya afya. Nguvu yake ni kwamba anayepokea ni mtu mwenye mafunzo ya afya, na kwamba serikali iliipokea kuwa kazi yake. Kenya nayo inatoa funzo la upande wa pili. Mwezi Oktoba 2024 mfuko wa zamani, NHIF, ulipoipisha Mamlaka ya Afya ya Jamii, siku za mwanzo zilijaa malalamiko ya wagonjwa ambao uanachama wao haukuthibitika hospitalini. Mabadiliko makubwa ya mfumo huzaa maswali mengi kwa siku chache kuliko yaliyozoeleka kwa mwaka mzima. Tanzania Bara, ambako Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwezi Novemba 2023, na Zanzibar, inayopanua mfuko wake kundi baada ya kundi, zote ziko katika kipindi cha namna hiyo. Wapokea simu waongezwe kabla ya kundi jipya kuingia, maana wakiongezwa baada ya foleni kujaa, imani ya watu itakuwa imekwishapotea.

Wapo watakaosema kwamba fedha za kuendesha simu zingefaa kununua dawa. Hoja hiyo ni nzito, na haifai kupuuzwa katika nchi ambayo kila shilingi ya afya ina wenyewe wengi. Lakini kumbukumbu za simu ndizo zinazoweza kuonyesha dawa ipi imekosekana, kituo gani na tangu siku gani, mapema kuliko taarifa ya robo mwaka. Watu ishirini wakipiga ndani ya juma moja kulalamikia dawa ileile katika kituo kilekile, mfuko umepata ukaguzi bila kumtuma mkaguzi. Fedha ya simu huipa fedha ya dawa macho.

Wengine watasema kwamba zama za sauti zimepita, na kwamba programu ya simu janja yatosha. Kwa kijana wa Mji Mkongwe anayefanya kazi hotelini huenda ikatosha. Wanaohitaji matibabu zaidi, hata hivyo, ni wazee, wenye maradhi ya muda mrefu, wajawazito na watoto wachanga, na wengi wao wanamiliki simu ya batani au hawana simu kabisa. Kwa wasio na simu, wahudumu wa afya wa jamii wanaopita nyumba kwa nyumba, pamoja na masheha katika shehia zao, wawe daraja. Mhudumu wa jamii mwenye namba ya pekee ya mfuko anaweza kupiga kwa niaba ya mzee palepale barazani na kuondoka jibu likiwa limepatikana.

Pingamizi la tatu linatoka kwa wahudumu wa afya, na lina haki zaidi. Wanasema simu inaweza kugeuka pazia. Kasoro iliyoko dirishani haitengenezwi, wagonjwa wanaelekezwa kupiga simu, na lawama inahamia kwa kijana aliyevaa vifaa vya kusikilizia. Hatari hiyo ni ya kweli. Kinga yake ni uwazi. Kila mwezi mfuko utangaze simu zilizoingia, zilizopokewa, zilizokatika kabla ya kupokewa, muda wa kusubiri, na matatizo yaliyomalizika ndani ya saa 24, kwa mkoa na kwa wilaya. Tatizo linalojirudia lihesabiwe kuwa kosa la mfumo na litajwe kwa jina lake. Huduma ya simu iliyofaulu ni ile ambayo maswali ya aina moja yanapungua mwaka hadi mwaka kwa sababu chanzo chake kimeondolewa.

Wakati maboresho hayo yakisubiriwa, mgonjwa na mhudumu wana la kufanya leo. Mwanachama aandike namba ya kadi yake na za wategemezi wake kwenye karatasi na kuihifadhi nyumbani, kwa sababu simu hupotea. Anapopiga, aulize jina la anayemhudumia na kuandika siku na saa. Ahakiki taarifa za familia akiwa mzima, hasa baada ya ndoa, uzazi au msiba. Na akiona dalili za hatari zilizotajwa hapo juu, aende kituo cha afya kwanza, simu ifuate. Mhudumu wa afya, kwa upande wake, asimruhusu mgonjwa wa maradhi ya kudumu kuondoka dirishani mikono mitupu kwa sababu ya uhakiki bila kumjulisha tabibu wa zamu. Dawa za siku chache na namba ya kurudia kupiga ni bora kuliko neno "kesho."

Anayeuliza kuhusu bima yake haombi fadhila. Anadai alichokwisha kuchangia, na mara nyingi anadai akiwa na maumivu. Siku mama wa Makunduchi atakapopiga simu saa nne usiku, akapokewa kwa salamu, akaulizwa hali ya mtoto kabla ya namba ya kadi, na akaambiwa aende wapi na nani anamsubiri, bima ya afya Zanzibar itakuwa imeanza kulipa deni lake.